Kiwiko Changu cha Kulia

Siri ilifichuka kwa maji. Nilikuwa na miaka 9, nanawa uso, mama akagundua kwamba ili kiganja cha kulia kikinge maji ilinibidi niinamishe bega zima. Akaniambia ninyooshe mkono. Haukunyooka wote. Hakunigombeza, ila alinyamaza mno.

Daktari wa mifupa alitaka picha za eksirei za mikono yote miwili, na mama hakuelewa kwa nini, maana wa kushoto sikuwahi kuulalamikia. Ndani ya chumba kile ndipo nilipomsikia akisema kwa mara ya kwanza kwamba niliwahi kumponyoka nikiwa mchanga, nikaanguka. Alikuwa amelibeba jambo hilo miaka yote.

Daktari alizipachika picha kwenye taa, akaweka ncha ya kalamu kwenye kiwiko. Kigasha kina mifupa miwili. Ule wa upande wa kidole gumba, radiasi, kichwa chake huwa na kibonyo kama kisahani, ndipo mfupa wa juu unapokaa. Changu kilikuwa cha mviringo kama kichwa cha uyoga, kimetokeza nyuma ya kiungo. Akahamisha kalamu kwenye picha ya kushoto: vilevile.

"Mama, huyu kazaliwa hivi. Hakuna aliyemwangusha."

Mama alishika ukingo wa meza akalia. Mimi nilidhani nitakatwa mkono.

Daktari alikataa kunipasua, na nilimchukia kwa hilo. Alieleza kwamba kichwa cha mfupa kikiondolewa mtoto angali anakua, radiasi inaweza kusogea kuelekea kiwikoni, matatizo yakahamia kwenye kifundo cha mkono. Tusubiri nimalize kukua, tena tupasue iwapo tu kutakuwa na maumivu. Leo namshukuru kwa subira ile kuliko kwa kisu chake.

Maumivu yalikuja nikiwa na miaka 16: kiwiko kilialika kila nilipobeba kitu, na usiku kilipwita. Mwaka uliofuata alikiondoa kile kichwa cha uyoga.

Nilipozinduka, uso wake ulikuwa juu yangu. "Inua kidole gumba." Mshipa wa fahamu unaonyanyua vidole hupita karibu kabisa na shingo ya mfupa ule, na ndio uliomtia wasiwasi. Kinywa kilikuwa kikavu, mkono mzito kama si wangu. Nikajaribu. Kidole kikapanda polepole, kikasimama juu ya bendeji.

Maumivu yaliisha baada ya wiki kadhaa za mazoezi. Kiganja kiligeuka zaidi kidogo tu, kama nilivyoonywa tangu mwanzo, na bado nakinga maji kwa kuinamisha bega. Wa kushoto hauniumi, haujaguswa.

Lakini siku ile mama alikikamata kile kidole gumba, hakukiachia hata muuguzi alipokuja kunipima presha. Ikabidi apime mkono mwingine.