Jioni tuliyogombana kijiweni kwa ajili ya Fei Toto

Ilikuwa Januari 2023, pale kijiweni kwetu Chikongola, Mtwara mjini, kamati ya TFF, shirikisho la soka la nchi, ndo imetoka kuamua kwamba kiungo Feisal Salum, huyo Fei Toto, bado ni mchezaji halali wa Yanga, basi watu wakaipokea ile taarifa kama tumebeba kombe. Mi ni Yanga, nimezaliwa nyumba ya Yanga, baba Yanga mjomba Yanga, lakini siku ile sikushangilia.

Kwa waliosahau, Desemba 2022 Fei aliwaaga mashabiki Instagram, akaiwekea klabu milioni 112, mia ya kuvunja mkataba na 12 za mishahara ya miezi mitatu, hesabu rahisi tu hapo, dogo alikuwa analipwa milioni nne kwa mwezi. Yanga wakazirudisha hela wakaenda kushtaki, mkataba ulikuwa mpaka Mei 2024.

Sasa pale kijiweni jamaa mmoja wa bodaboda kakaa juu ya pikipiki yake anasoma uamuzi kwenye simu kwa sauti, kila akimaliza sentensi watu wanapiga makofi, muuza kahawa mwenyewe kaacha birika anasikiliza. Yakaanza maneno. Msaliti. Hana shukrani. Tumemtoa Zanzibar tumemfanya mtu. Kuna mmoja akasema sasa akae nyumbani tu bila kucheza mpaka mkataba uishe, aoze. Watu wakacheka. Hilo ndo lilinichoma, maana huyu ndo yule yule ambaye Mei 2022 alipiga lile shuti pale Kirumba tukamtoa Simba nusu fainali ya FA, na siku hiyo kijiwe hichi hichi kilikesha kinaimba jina lake.

Nikasema jamani huyu hajatoroka, kaweka hela mezani, huo usaliti uko wapi?

Mjomba akaweka kikombe chini. Mjomba wangu mtu wa Newala, ana mikorosho yake kule, akiongea watu wananyamaza. "Mwanangu, kasaini mwenyewe. Hakushikiwa panga."

Nikamwambia mjomba, shikamoo yako naiheshimu, ila na mkulima wa kangomba, anayeuza korosho kabla hajavuna, naye hashikiwi panga. Mwezi wa saba mkorosho bado una maua, mtoto anatakiwa shule, anatokea mtu na laki mbili mkononi, mkulima anachukua, msimu ukifika gunia linaondoka anaangalia. Wewe mjomba si ndo kila mwaka unawalaani hao wanunuzi? Huyu dogo kasaini hana jina, sasa hivi ni kiungo bora nchini na anaona wenzake wa kutoka nje wanalipwa mara ngapi yake.

Akanijibu, na jibu lake lilikuwa zito, nakubali. Alisema kangomba ni wizi kwa sababu haina karatasi, Fei ana karatasi ipo TFF, na kila mchezaji akiamka anaweka hela anaondoka katikati ya ligi basi hakuna timu, si Yanga, si Namungo wetu.

Ni kweli kabisa. Lakini mi nilikuwa namuwaza mdogo wangu. Alisaini timu moja akiwa na miaka 19, kwenye boneti ya gari, giza linaingia, karatasi za kiingereza kurasa kibao kaonyeshwa tu pa kuweka jina, nakala hakupewa mpaka leo. Alipoumia goti mshahara ukakata na hakuwa na kitu cha kumuonyesha mtu yeyote. Nikawaambia hivyo hivyo pale, na mjomba anajua maana alichangia hela ya hospitali. Akanyamaza. Wengine hawakunyamaza, wakaniambia nihamie timu ya Azam, nikalipa kahawa yangu nikaondoka.

Kilichokuja baadae ndo kiliniuma zaidi, mama yake Fei alivyosema mwanae alikuwa anakula ugali na sukari, nchi nzima ikageuza kichekesho, watu wazima wenye watoto wanamcheka mama wa mtu. Mi hapo sikuwa na utani na mtu.

Juni Yanga ikatoka kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger ya Algeria, tukalikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini, Rais Samia akawaalika Ikulu na akawaambia viongozi walimalize la Fei. Siku chache tu Azam wakamtangaza. Mjomba akanipigia simu, "Umesikia? Wamemuachia dogo wako." Nikamwambia nimesikia mjomba na nimefurahi, ila miezi mitano na zaidi kijana kakaa bila kucheza, ligi ina kamati, ina wanasheria, ina kanuni, halafu mshahara wa mchezaji mmoja mpaka aingilie Rais wa nchi? Hapo kwa mara ya kwanza tukakubaliana.