Siku moja na koili iliyoungua

Saa 1:40 asubuhi

Pikipiki imelala karakana tangu jana jioni. Ni ile ya safari ndefu hasa: masanduku matatu, kioo kirefu cha kukinga upepo, taa za nyongeza mbele, mikono ya usukani inayopashwa joto. Juu ya tangi mwenyewe ameacha karatasi: "Fundi, hii ni betri mpya ya pili ndani ya mwezi. Nayo inakufa. Wameniambia ni stata."

Hapo pana mkanganyiko wa maneno ambao umewahi kunipotezea nusu siku. Stata, kwa watu wengi, ni ile mota ya kuwashia injini, na yake ni nzima. Aliyemwambia alikuwa na maana ya steta, yaani zile koili za shaba zilizofungwa bila kusogea ndani ya kava la injini, huku gurudumu lenye sumaku likizizunguka na kuzalisha umeme. Mimi huziita koili za kuchaji na kumaliza ubishi.

Saa 2:15

Kabla ya kufungua bolti hata moja, napima. Kijana ninayemfundisha tayari ameshika spana. Nikamwambia aiweke chini, achukue mita.

Betri niliiacha kwenye chaja usiku kucha: volti 12.7 ikiwa imetulia. Tukawasha injini, tukaipandisha mizunguko hadi 5,000 kwa dakika. Mfumo usio na hitilafu ungetupa volti 14 na ushee. Tukapata 12.3, na tulipowasha taa ikashuka hadi 12.0. Maana yake injini inaunguruma lakini pikipiki inaishi kwa akiba ya betri peke yake. Ukiweka betri mpya hapo unatia maji kwenye pakacha.

"Basi ni koili, fundi," kijana akasema.

Au rektifaya, kile kifaa kinachougeuza umeme wa koili uweze kuchaji betri na kuuzuia usizidi, au waya kati yake. Nikafuata waya tatu za njano zinazotoka kwenye kava, zinapita chini ya tangi, hadi kwenye plagi yake. Plagi ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, plastiki imekuwa ya kahawia, na kijino kimoja cha shaba kimegeuka kijani.

Tukaitenganisha, tukapima volti za umeme wa kubadilika kati ya waya hizo, mbili mbili, injini ikiwa kwenye mizunguko ileile. Koili nzima za aina hii hutoa zaidi ya volti 50 kila jozi, na jozi zote tatu husoma karibu sawa. Zetu: 57, 21, 24. Huko kutolingana ndiko kunakosema.

Tukazima injini, tukapima kila waya dhidi ya chuma cha injini. Mita ikalia, yaani umeme una njia ya kufika kwenye chuma, na haitakiwi. Kijana akajaribu ya pili, ikalia. Ya tatu, ikalia. Akadhani zote tatu zimeungua. Hapana: koili hizi zimekutana katikati kama vidole vya mguu wa kuku, kwa hiyo ikipiga shoti moja, mita itakuonyesha zote. Ukipima waya kwa waya ndiyo usitegemee kitu, maana ukinzani wenyewe ni sehemu ndogo tu ya omu moja, na nyaya za mita ya bei rahisi zina ukinzani kama huohuo.

Saa 3:30

Nikampigia mwenye pikipiki simu. Swali lake la kwanza: "Ni zile taa nilizoongeza, au koti langu linalopashwa joto kwa umeme wa pikipiki?"

Watu hupenda jibu hilo kwa sababu lina mtu wa kulaumiwa. Pikipiki yake ina rektifaya ya aina inayopiga shoti umeme uliozidi, ikaurudisha kwenye koili zenyewe. Kwa mtindo huo koili hufanya kazi karibu na kikomo chake muda wote, uwashe taa au uzime. Taa nyingi zitaimaliza betri kama matumizi yanazidi uzalishaji, lakini kinachoua koili ni joto: varnishi inayofunika waya wa shaba hupikwa taratibu, kilomita kwa kilomita, hadi mizunguko miwili ya waya igusane. Zipo rektifaya nyingine ambazo hukata njia badala ya kupiga shoti, na koili hupumua. Nikamshauri tuweke hiyo, kwa kuwa iliyopo imeshinda karibu na plagi iliyoyeyuka na siiamini tena. Akakubali.

Saa 4:10

Masanduku, plastiki za pembeni, tangi kuinuliwa. Bolti zinazoshika plastiki kwenye pikipiki za safari ni nyingi kuliko za injini, nami sina cha kusema kuhusu saa hiyo zaidi ya kwamba imepita. Waya hasi wa betri nikautoa kwanza.

Saa 5:20

Oili nikaimwaga. Kava liko kushoto, na wapo wanaoilaza pikipiki kidogo kulia ili wasiimwage. Hii ilikuwa inanuka kama waya uliochomwa. Oili yenye varnishi iliyoungua ndani yake siirudishi kwenye injini.

Bolti za kava zina urefu tofauti. Nikachora umbo la kava kwenye kipande cha boksi, nikatoboa, kila bolti ikakaa tundu lake. Ukiingiza ndefu mahali pa fupi utatoboa kitu au utavua nyuzi za alumini, na hapo kazi ya siku moja inakuwa ya wiki.

Kava halitoki kwa kupenda kwake. Sumaku inazivuta koili zilizofungwa upande wake wa ndani, na gasketi ya zamani imeshikilia kama gundi. Piga kwa nyundo ya mpira pembeni, vuta sawasawa, na vidole viweke kwenye kingo, usivipeleke nyuma ya kava, kwa sababu likijirudi linabana. Kucha yangu ya kidole gumba inalijua jambo hili. Mkono mwingine uwe chini: gia ndogo ya stata (hii sasa ni stata ya kweli) huweza kutoka na kudondoka pamoja na ekseli yake.

Kava likatoka. Vichwa 18 vya koili vimepangwa duara kama petali, na saba vilikuwa vyeusi tii, vya juu, pale ambapo oili haifiki vizuri. Kijana akasogeza pua akarudi nyuma.

Nikaangalia sumaku pia: hazijalegea, hakuna ufa. Nikazifuta kwa kitambaa, kwani sumaku hunasa kila chembe ya chuma inayopita.

Saa 6:00 mchana

Koili hushikwa na bolti tatu zilizopakwa gundi ya nyuzi kiwandani. Mbili zilitoka. Ya tatu kichwa kikaanza kuliwa. Nikasimama. Nikapasha joto kwa feni ya hewa moto dakika kadhaa, gundi ikalainika, nikagongea biti ya nyota ndani ya kichwa hicho kwa nyundo, nikageuza polepole. Ikatoa mlio mkali, ikatii.

Halafu gasketi. Hii ndiyo kazi yenyewe, nyingine zote ni kufungua na kufunga. Saa nzima na nusu ya kukwangua kwa kipande cha plastiki kigumu na dawa ya kulainisha, kwa sababu ukitumia bisibisi ya chuma kwenye alumini, kila mkwaruzo ni mfereji wa oili kuvuja. Nikaziba mdomo wa injini kwa vitambaa ili vipande visiingie. Kijana akachoka, nikamwachia kava, mimi nikamalizia upande wa injini. Tukapita kidole, tukasikia bado kuna gamba, tukarudia.

Saa 8:30

Koili mpya nilizipima kabla ya kuzifunga. Sehemu mpya ikiwa mbovu ni afadhali uijue ikiwa mezani. Haikulia dhidi ya chuma. Gundi mpya kwenye bolti, nikazikaza kwa nyutoni-mita 12, kibanio cha waya mahali pake ili waya zisiguse gurudumu la sumaku. Mpira unaozitoa waya nje ya kava nikaupaka silikoni kidogo. Kidogo. Inayozidi hukatika ndani na kusafiri na oili.

Gasketi mpya, kava taratibu. Likikaribia, sumaku inalinyakua lenyewe kwa kishindo. Ukikosea mlengo unakwaruza koili uliyotoka kuinunua. Bolti zote nikazifikisha kwa vidole, nikanyoosha mkono kuchukua spana ya kupimia nguvu, nikaona kwenye sinia, chini ya kitambaa, pini moja ya mwongozo, zile zinazolilenga kava likae mahali pake.

Zinatakiwa mbili. Mmoja wetu aliitoa wakati wa kukwangua ili apafikie vizuri. Sikuuliza nani, kwa sababu nadhani ni mimi. Kava likatoka tena. Bahati, gasketi ilikuwa haijabanwa.

Saa 10:00

Plagi nilikata kabisa, nikaweka mpya yenye mpira wa kuzuia maji, vijino vipana zaidi. Wapo mafundi wanaolehemu waya moja kwa moja, na si kosa, ila siku rektifaya ikitakiwa kutoka wanakata tena. Rektifaya mpya ikakaa mahali inapopata upepo. Oili na chujio mpya. Betri nikarudisha.

Saa 11:15 jioni

Injini ikawaka mara moja. Volti 13.7 kwenye mizunguko ya chini, 14.3 kwenye 5,000. Nikawasha taa zote, mikono ya joto, kila kitu: 14.1. Kijana akapiga picha ya mita.

Plastiki nikaziacha wazi, nikaenda barabarani dakika 40. Niliporudi nikashika plagi mpya kwa vidole: vuguvugu tu. Chini ya kava hakuna hata tone.

Saa 12:30

Mwenyewe alifika tukifunga sanduku la mwisho. Koili za zamani na ile plagi nilikuwa nimeziweka kwenye boksi, kwa sababu mteja ana haki ya kuona alicholipia kutolewa. Akaigeuzageuza, akainusa, akakunja uso.

Kisha akauliza kama ile betri ya kwanza aliyoitupa ilikuwa mbovu kweli. Nikamwambia huenda ilikuwa inahitaji kuchajiwa tu.