Jogoo wa faini

Mwezi uliopita tulibomoa stoo ya bibi kule Usangi, paa lilikuwa limeoza kabisa, na nyuma ya mapipa ya mahindi nikaukuta mguu wa baba mdogo. Ule wa kwanza, wa mbao na ngozi. Mikanda yake imekakamaa, bizimu imeshika kutu, na chini ya unyayo bado kimepigiliwa kipande cha tairi kama katambuga. Alikipigilia mwenyewe, maana udongo wa milima ya Upare ukishanyeshewa unateleza kama bamia.

Nimeusafisha kwa mafuta ya nazi. Sijui nitaupeleka wapi, ila kuutupa siwezi.

Baba mdogo alikwenda vita vya Kagera akiwa na miguu miwili. Mmoja aliuacha Lukaya, Machi 1979, kwenye ile barabara inayokatiza kinamasi kati ya Masaka na Kampala. Walimkata chini ya goti. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili alikuwa bado wodini, akaisikia habari hiyo kwenye redio ya mgonjwa wa kitanda cha jirani. Wodi nzima ilishangilia. Yeye aligeukia ukutani.

Mimi nilikuwa na miaka saba aliporudi. Nakumbuka vijana walishuka kumpokea kwenye lori, wakataka kumbeba mgongoni kupandisha mlima hadi nyumbani, akakataa. Alipanda na magongo yake, anapumzika kila hatua kumi, na sisi watoto nyuma tumenyamaza kimya kama tunasindikiza jeneza. Alipofika akaingia chumbani, akafunga mlango.

Niseme ukweli, majirani hawakumtupa. Kila jioni mtu alikuja na bakuli la makande au kibuyu cha maziwa. Na mwaka ule nchi ilikuwa hoi! Mwalimu alishatuambia tufunge mkanda miezi kumi na minane, sukari kwa foleni, nguo kwa foleni, sabuni ndiyo usiseme. Kigutu kilitakiwa kioshwe kwa sabuni kila siku. Basi wanawake wa mtaa wetu wakawa wanakata kipande cha mche wao kwa uzi, chembamba kama biskuti, wanakifunga kwenye jani la mgomba na kumletea bibi. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Hakuna siku kigutu kile kilikosa sabuni.

Kazi yangu ilikuwa bandeji. Hospitalini walimwelekeza bibi aifunge kwa kukaza kuanzia ncha na kupanda juu, ili kigutu kichongoke vizuri, na walimkataza kabisa kumwekea mto chini ya goti, maana goti likizoea kukunjwa halinyooki tena. Bibi akishaifua na kuianika, mimi naizungusha irudi kuwa duara. Siku moja nikiwa nazungusha, baba mdogo akaniambia vidole vya mguu vinamwasha. Nikatazama mguu mzima. Akasema hapana, vya ule mwingine. Sikujua la kufanya, nikakuna mkeka pale ambapo vidole vingekuwepo. Akafumba macho. "Hapo hapo," akasema. "Kidogo kulia."

Usiku alikuwa anapiga kelele. Hapo jirani palikuwa na babu mmoja aliyepigana Burma enzi za keya, jeshi la mkoloni Mwingereza. Akisikia kelele anakuja na kibatari chake, anakaa kizingitini, anachonga mpini wa jembe mpaka kunakucha. Sikuwahi kusikia wakizungumza vita. Baba mdogo alikuwa akisikia kisu kinavyokwangua mti ndipo analala.

Lakini mlango wa mchana haukufunguka. Miezi ikapita. Kila aliyeingia alileta pole na bakuli, na yeye kila bakuli lilimzamisha zaidi. Aliniambia mwenyewe nilipokuwa mtu mzima: "Nilikuwa nakula chakula cha watu kama maiti anavyopewa sanda."

Kwetu maji ya kumwagilia tunayakusanya kwenye ndiva. Yanajaa usiku, asubuhi kizibo kinatolewa, maji yanafuata mfereji kwenda kwa mwenye zamu. Ndiva ikijaa tope au ukingo ukimeguka, pembe inalia, watu wote wanatoka msaragambo, kazi ya pamoja. Usipotoka unatozwa faini. Masika ya mwaka 1980 ukingo ulimeguka, pembe ikalia, baba mdogo akabaki chumbani kama kawaida.

Jioni mzee wa ndiva akaja kudai jogoo.

Bibi alipandwa na hasira nisiyowahi kuiona. "Mnamtoza faini mtu wa mguu mmoja? Hamna haya?"

Mzee hakupandisha sauti. "Shemeji, jina lake liko kwenye zamu za maji. Nikifuta faini itabidi nifute na zamu. Mguu umebaki Uganda, sawa. Na mikono nayo imebaki huko?"

Mlango ukafunguka. Baba mdogo akasimama pale na magongo, ndevu zimemjaa, akauliza, "Nadaiwa nini?" Akaniagiza nimkamate jogoo mwekundu. Akamkabidhi mzee yeye mwenyewe, kwa mkono wake.

Msaragambo uliofuata alikwenda. Walimkalisha ukingoni, akapewa kipande cha gogo cha kushindilia udongo, akashindilia hadi viganja vikachubuka. Kwa kuwa alikuwa na saa ya mkononi, hatimaye wakamkabidhi kazi ya kufungua kizibo na kupima zamu. Maana yake kila alfajiri ilimbidi atembee mpaka ndiva na kurudi, mvua au jua. Vijana wakamchimbia ngazi kwenye mteremko, wakapigilia miti ya kushikilia. Ngazi zile zipo hadi leo, wanawake wajawazito ndio wanazishukuru. Karatasi zake za malipo zilizunguka ofisi miaka mingi, na nauli ya kwenda hospitali ya KCMC Moshi kupimwa mguu ilichangwa na kaya kwa kaya. Alirudi na mguu huu niliouokota stooni. Wiki ya kwanza ulimtoa malengelenge, lakini alfajiri aliuvaa, na soksi mbili, akaenda kufungua maji. Aliyafungua kwa miaka ishirini na sita.

Nayaandika haya kwa sababu ya kijana mmoja wa mtaa wetu hapa Dar es Salaam. Aliumia kwenye ulinzi wa amani nje ya nchi, amerudi na mkono mmoja. Watu wanampenda, wanapeleka vyakula. Lakini kwenye usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mjumbe anairuka nyumba yake. "Tusimsumbue," anasema.

Jumapili nilikwenda kumgongea. Nikamwambia tuna daftari la mahudhurio halina mtu wa kulishika, na wasiofika tunawadai elfu tano, naye anadaiwa ya miezi mitatu. Alinitazama kwa muda mrefu. Mama yake akaanza kusema kitu, yeye akamzuia.

"Mnaanza saa ngapi?"

Nikamwambia saa kumi na mbili na nusu.