Unga mweupe kwenye mabati

Jumanne usiku, Nashville, Tennessee

Leo nimechelewa kuondoa lori langu kiwandani Gary, Indiana, karibu saa nzima, kisa mstari mmoja nilioandika kwa kalamu kwenye hati ya mzigo. Dispacha, mpanga safari wa kampuni, kanipigia mara mbili. Kijana wa folklifti alinitazama kama mgeni anayenusa chakula cha mwenyeji kabla ya kunawa mikono.

Mzigo ni mabati, uzito wa pauni 44,000. Kabla hayajapandishwa kwenye tela niliyazunguka na tochi, na kwenye furushi la tatu nikaona unga mweupe pembeni mwa shiti za chini. Nikapitisha kidole, hautoki. Hilo si vumbi. Ni zinki, ule utando wa juu wa bati, inayoliwa na maji yaliyonasa kati ya shiti na shiti, mahali pasipopita hewa. Kijana akasema ni kawaida, weka saini uende.

Kawaida hiyohiyo ilinila mwaka juzi. Kulikuwa na baridi kama ya leo, vidole vimekufa ganzi, na nikaona haya kumsumbua mtu aliyesimama ananisubiri. Nikasaini bila neno. Kule kusini mpokeaji akafunua turubai, akakataa mafurushi mawili. Nikaapa kwamba hakuna tone la mvua lililoingia, na kweli halikuingia. Haikunisaidia. Sheria ya huku kuhusu mizigo, ambayo mzizi wake ni wa mwaka 1906, haimtaki mwenye mali athibitishe kuwa dereva alizembea. Aonyeshe tu kwamba mzigo ulitoka mzima, ukafika umeharibika, na hasara yake ni kiasi gani. Na ushahidi kwamba ulitoka mzima ni nini? Saini yangu. Kampuni niliyokuwa naibebea ikanikata kwenye malipo wiki sita mfululizo.

Kinachoniuma ni kwamba huenda maji yale niliyaleta mimi mwenyewe. Chuma kilicholala kwenye baridi ya Indiana ukikishusha na barabara ya I-65 hadi kwenye joto la unyevunyevu la Alabama, kinatoka jasho kama chupa ya soda Kariakoo saa nane mchana. Na mimi nilikuwa nimelibana turubai pande zote, najisifu.

Kufunga mzigo nilijifunzia njia ya Tunduma, nikiwa utingo wa mzee mmoja ambaye kwake mkanda usiolia ukiupiga kofi haujakazwa. Huku mkanda wangu wa inchi nne umekadiriwa kuhimili pauni 5,400, na jumla ya mikanda lazima ifike angalau nusu ya uzito wa mzigo, kwa hiyo kwa mzigo huu mitano inatosha. Nafunga minane, lakini chini ya kila mmoja naweka kona ya plastiki, maana ukikaza kwa mtindo wa mzee ukingo wa bati unakunjika, na hilo nalo ni deni. Ningethubutu kumwambia hivyo angeniteremsha katikati ya Mikumi nikaongee na simba.

Basi leo nimeandika: furushi la tatu, madoa meupe pembeni, yameonekana kabla ya kupakia. Nikamwomba karani aweke herufi za jina lake kando ya maandishi. Akakataa, akamwita msimamizi, msimamizi akaja na kahawa yake, akainama, akatazama, akaweka. Nikapiga picha za mafurushi yote, hata yale mazima, na namba za lebo zikisomeka.

Nimesimama hapa saa kumi na mbili jioni. Anga kavu, kwa hiyo nimefungua turubai mbele na nyuma ili hewa ipite. Nimetia mkono ndani: bati bado la baridi, ila kavu. Kesho saa mbili asubuhi nashusha Birmingham, na dispacha bado hajajibu ujumbe wangu.