Wiki mbili na RTX 3080, kisha nikanunua RX 6600

Kwa miezi 11 nilikuwa natenga hela kwa ajili ya kitu kimoja, RTX 3080, kadi ya picha ya kompyuta ya kuchezea gemu. Niliyokuwa nayo ni GTX 1650 ya GB 4, kadi ndogo ya wati 75 inayokula umeme wa kwenye bodi tu bila waya wa ziada. Imenitumikia vizuri. Lakini kila nikifungua gemu ya magari ya Forza Horizon 5 ilinibidi nishushe mipangilio hadi majani ya pembeni mwa barabara yawe madoa ya kijani, na bado gari likiingia Guanajuato, mji uliomo ndani ya gemu, picha inakatakata. Nilishaamini kwamba dawa yake ni kadi kubwa.

Mashine yenyewe ni prosesa ya Ryzen 5 3600, RAM GB 16, bodi ya B450, pawa saplai ya wati 550, na monita ya inchi 24 ya 1080p yenye Hz 75. Naitaja yote kwa sababu ndiyo iliyoamua kesi.

Kabla ya hapo nilikaribia kupotea njia. Duka moja Kariakoo waliniwekea mezani RX 580, wakaniambia ni kamili, GB 8, bei poa. Nikaomba iwashwe. Nilikuwa na flashi yenye GPU-Z, programu ndogo ya bure inayosoma kadi kutoka ndani badala ya kuamini stika ya nje. Ikaonyesha viini 2048, vile vinavyofanya hesabu za picha. RX 580 kamili ina 2304. Ile ya 2048 ilitolewa mwaka 2018 kwa ajili ya soko la China, na kwa ndani ni RX 570 iliyobadilishwa jina. Si kadi mbovu, ila bei yake si ya 580. Nikashukuru nikaondoka. Tangu siku hiyo ile flashi haitoki kwenye begi, na nakuomba sana nawe usinunue kadi ya mtumba ambayo hujaiona ikiwaka.

Halafu binamu yangu akarudi likizo kutoka Muscat. Alikuwa amebadilisha kadi kule, na ile 3080 ya zamani alikuja nayo imefungwa ndani ya taulo katikati ya nguo.

“Kwa wewe laki tisa, mdogo wangu,” akaniambia. “Ila usinipe hela leo. Kaa nayo wiki mbili, mimi bado nipo.”

“Kaka, nikikaa nayo wiki mbili sitairudisha.”

“Basi utakuwa umejua unachonunua.”

Wiki hiyohiyo fundi wa kompyuta wa mtaani kwetu Tabata alikuwa na RX 6600 iliyotumika, anaiuza 470,000. Nikamwachia amana ya laki mbili aniazime. Ndiyo nikajikuta na kadi mbili mezani, moja ya ndoto na moja ya mfuko.

Kwenye karatasi hazifanani kabisa. 3080 ilitoka Septemba 2020 kwa dola 699, ina GB 10 za kumbukumbu aina ya GDDR6X, inasukuma data GB 760 kwa sekunde na inakula wati 320. RX 6600 ilitoka Oktoba 2021 kwa dola 329, ina GB 8 za GDDR6, GB 224 kwa sekunde, wati 132. Idadi ya viini niliiacha, maana Nvidia wanaotengeneza 3080 na AMD wanaotengeneza RX 6600 hawavihesabu kwa namna moja, na kulinganisha 8704 kwa 1792 hakukuambii chochote cha kweli.

Nilianza na kubwa. Ilikuwa ndefu kiasi kwamba nililazimika kutoa kizimba cha diski ngumu ndipo iingie. Nikaunganisha waya zake mbili za pini nane, nikafungua Cyberpunk 2077, nikacheza kama dakika tano. Mashine ikazima yote, giza, kama mtu kachomoa waya ukutani. Nikawasha, ikazima tena. Fundi ndiye aliyenieleza: zile wati 320 ni wastani, lakini kadi za kizazi hiki hurukaruka juu zaidi ya hapo kwa milisekunde chache, na pawa saplai ya wati 550 ikiona mruko huo hujikata ili isiungue. Nvidia wenyewe wanashauri wati 750 kwa 3080. Akaniazima ya 750, mashine ikatulia. Bei yake dukani ilikuwa 260,000, na hapo laki tisa ikawa imeshageuka 1,160,000. Akiba yangu yote ilikuwa 1,150,000.

Niliwasha programu ya MSI Afterburner inionyeshe pembeni ya skrini fremu kwa sekunde, yaani picha ngapi kadi inatengeneza kila sekunde, matumizi ya kadi na matumizi ya prosesa. Kila gemu niliipima mara tatu kwa kila kadi, mipangilio ileile, 1080p, nikiwa nimefuta draiva, zile programu zinazoendesha kadi, za kadi iliyotoka kabla ya kuweka za nyingine. Hatua hiyo ya draiva ukiiruka, namba zako hazina maana.

Kwenye GTA V, RX 6600 ilinipa fremu 112, 3080 ikanipa 118. Nilidhani nimekosea. Nikarudia, hivyohivyo. Counter-Strike 2 ilikuwa 158 kwa 181, na zile fremu za chini kabisa, ambazo ndizo mkono unazihisi pale adui anapotokea kwenye kona, zilikuwa 78 kwa 81. Nikaangalia ile safu ya matumizi: 3080 ilikuwa inafanya kazi asilimia 55 hadi 60 tu. Ilikuwa imekaa inasubiri. Ryzen yangu ilikuwa haiwezi kuipa kazi kwa kasi inayoitaka, kama mpishi mwenye majiko manane na mtu mmoja wa kumenya viazi.

Forza kwa mipangilio ya juu kabisa ndipo nafasi ilipoonekana, 82 kwa 116. Lakini monita yangu ni ya Hz 75. Inachora picha mara 75 kwa sekunde, basi. Zile fremu nyingine zote zilitengenezwa, zikaunguza umeme, na jicho langu halikuziona zikiwa nzima. Nilikaa na hilo jambo usiku ule muda mrefu. Miezi 11 ya kujinyima ingeishia kwenye picha ambazo kioo changu hakina uwezo wa kuzionyesha.

Sitaki kuidhulumu 3080, kwa sababu kuna siku ilinyamazisha kila hoja niliyokuwa nayo. Jumamosi nilibeba mashine hadi kwa shangazi Ilala, ambako wana televisheni ya 4K ya inchi 55. Picha ya 4K ina nukta milioni 8.3, mara nne ya 1080p. Hapo prosesa inapumzika na mzigo wote unaangukia kadi. Forza ikawa 43 kwa RX 6600 na 76 kwa 3080. Cyberpunk ikawa 17, yaani haichezeki, dhidi ya 41, na nilipowasha DLSS, mbinu ya Nvidia ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza, ikapanda hadi 64. RX 6600 haina DLSS. Ina FSR, mbinu kama hiyo ya AMD, inayosaidia, ila kwenye skrini kubwa kiasi kile niliona kingo za vitu zikitetemeka. Tulipowasha miale ya mwanga halisi, ile taa ya neoni inayojirudia kwenye dimbwi la maji barabarani, sebule nzima ilinyamaza. Shangazi alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akauliza kama ni filamu. RX 6600 kwenye mipangilio hiyohiyo ilikuwa inahesabu fremu kama mtu anayehesabu hela za mwisho wa mwezi. Anayesema kadi ya bei kubwa ni jina tu hajaiweka mbele ya skrini inayoistahili.

Lakini mimi naishi chumba kimoja chenye paa la bati na feni moja, na ulikuwa mwezi wa Februari. Kwa kipimo cha ukutani, mashine yenye 3080 ilivuta wati 440 nikicheza, yenye RX 6600 wati 235. Tofauti ya wati 205 kwa saa tatu kila siku ni uniti 18 na ushee kwa mwezi, na kwa shilingi 356 ninazolipa kwa uniti ni zaidi ya 6,500. Hiyo ningeibeba. Joto ndilo lililonishinda: kila wati inayoingia kwenye kadi inatoka ikiwa joto, na kufikia saa tano usiku nilikuwa nacheza na taulo begani. Nilipoibana 3080 hadi asilimia 80 ya umeme wake, fremu zilipungua chache tu na feni zikatulia kabisa. Mwenye kadi hii afanye hivyo leo.

Na kuna UPS, betri ya akiba ya umeme ukikatika. Yangu ni ya VA 650, uwezo wake halisi kama wati 360. Umeme ulipokatika nikiwa na 3080, ililia mara moja ikaachia, na mchezo nilioufikisha mbali ukapotea. Kwa RX 6600 ilinipa dakika nne za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Kwa mtaa wetu dakika nne ni kitu.

Siku ya 13 nilimpigia binamu. Nilijiandaa kwa maelezo marefu, yeye akasema tu, “Nilijua utaniambia habari ya monita.” Nikamlipa fundi 270,000 zilizobaki. Kabla ya kumaliza niliiendesha RX 6600 nusu saa kwa FurMark, programu ya kuibana kadi hadi mwisho, kuangalia kama feni zinayumba au joto linapanda bila kukoma, maana kadi nyingi zilizotoka kwenye kuchimba sarafu za kidijitali, hasa baada ya Ethereum, moja ya sarafu hizo, kuachana na kadi Septemba 2022, huja na feni zilizochoka. Ilisimama nyuzi 71.

Nikabakiwa na 680,000. Kwa 420,000 nikanunua monita ya 1080p ya Hz 144. Hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote niliyofanya mwaka ule, kuliko hata kadi. Kwenye Counter-Strike mshale unafuata mkono kama umefungwa uzi. Miezi miwili baadaye nikauza Ryzen 5 3600, nikaongeza hela iliyobaki, nikaweka Ryzen 5 5600 kwenye bodi ileile baada ya kusasisha BIOS yake, programu inayoiwasha bodi, na zile fremu za chini kabisa zikavuka 100. Kadi ni ileile ya 470,000.

Ninachokosa nakijua. Miale ya mwanga siwashi, na baadhi ya gemu mpya zinajaza GB 8 nikiweka picha za ubora wa juu kabisa, hivyo nashusha ngazi moja.

3080 ilibaki Ilala. Binamu alimwachia mdogo wake, ikafungwa pale sebuleni chini ya ile televisheni, na pawa saplai ya wati 750 wakainunua. Jumamosi nikienda kwa shangazi huwa nabeba padi yangu.