Umelipia 200, Kipimo Kinasoma 94

Kifurushi chako cha intaneti ni cha Mbps 200 na kipimo cha kasi kinasoma 94. Asubuhi 94, usiku 94, kesho yake 94. Usimpigie mtoa huduma bado. Inama uitazame kebo inayotoka kwenye ruta, kwa sababu mara nyingi tatizo lipo hapo na dawa yake ni kebo nyingine ya mita mbili.

Kebo ya mtandao ina nyaya nane ndogo zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi nne. Mawasiliano ya Mbps 100 yanatumia jozi mbili tu, kwenye pini ya 1, 2, 3 na 6. Ya Mbps 1,000 yanahitaji jozi zote nne. Waya mmoja kati ya zile nyingine ukikatika, au pini moja ikishika kutu, vifaa vingi havikati mawasiliano. Vinakubaliana kimya kimya kushuka hadi 100, na ukitoa sehemu inayoliwa na vichwa vya pakiti, yaani anwani zinazobandikwa kwenye kila kipande cha data, zinabaki 94 au 95 za kutumia. Taa nyekundu haiwaki na ujumbe wa hitilafu hautokei. Kurasa zinafunguka, video zinacheza, na zaidi ya nusu ya ulicholipia haifiki.

Vyanzo vya kasi ndogo nyumbani si vingi, na vingi huacha namba inayovitambulisha. Ukipiga simu useme intaneti iko taratibu, utaambiwa uzime ruta uiwashe tena, na mazungumzo yameishia hapo. Ukisema kwa waya unapata 61 saa tatu usiku na 198 saa kumi na moja alfajiri, siku saba mfululizo, umempa mtu kitu cha kushika.

Kwanza tuelewane kuhusu vizio. Vifurushi huuzwa kwa megabiti kwa sekunde, Mbps, b ndogo. Dirisha la kupakua faili mara nyingi huonyesha megabaiti, MB/s, B kubwa. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo Mbps 200 ni MB 25 kwa sekunde, na kwa vitendo ni 23 na ushei. Anayeona 23 kwenye dirisha la kupakua anapata haki yake yote. Soma pia neno "hadi" kwenye mkataba, na uangalie kama kuna kiwango cha data ambacho ukikivuka kasi inashushwa. Kasi iliyoshushwa namna hiyo hukwama kwenye namba ile ile, mchana na usiku, mpaka mzunguko mpya wa malipo uanze.

Sasa upimaji wenyewe. Chukua laptopu yenye tundu la Mbps 1,000 na kebo ya daraja la Cat5e au zaidi (limeandikwa kwenye ganda lake), uchomeke moja kwa moja kwenye ruta ya mtoa huduma. Zima waifai ya laptopu, la sivyo hutajua data imepita njia ipi. Zima VPN. Viondoe vifaa vingine mtandaoni, hasa simu zinazopakia picha kwenye hifadhi ya mtandaoni. Watu wengi hulipuuza hili: njia ya kupakia ikijaa, hata kupakua kunazorota, kwa sababu risiti za pakiti unazopokea lazima zirudi kwa kupitia njia hiyo hiyo iliyojaa.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kupima, tazama kasi ambayo kadi ya mtandao imekubaliana na ruta. Kwenye Linux andika ethtool na jina la kadi, kwa mfano ethtool eth0, utafute mstari wa Speed. Ukiona 1000Mb/s uko sawa. Ukiona 100Mb/s, ni ile kebo. Kwenye Windows namba hiyo iko ndani ya mipangilio ya mtandao, upande wa Ethernet. Ikiwa 100, badilisha kitu kimoja kimoja: kebo, kisha tundu la ruta, kisha laptopu. Ukibadilisha vyote kwa mpigo utapona bila kujua ulikuwa unaumwa nini, na kebo mbovu itarudi kabatini ikusumbue siku nyingine. Soma pia maelezo ya ruta. Ikiandikwa 10/100 badala ya 10/100/1000, hakuna kebo itakayoivusha 94.

Pima mara tatu, kwa vipimo viwili tofauti. Speedtest ya Ookla kwa kawaida hufungua miunganisho kadhaa kwa pamoja. NDT ya M-Lab hutumia mmoja. Ya kwanza ikisoma 195 na ya pili 40, upana wa njia upo, ila kuna pakiti zinazopotea au seva iko mbali. Umbali una hesabu yake: muunganisho mmoja wenye dirisha la KB 64, yaani data inayotumwa kabla ya kusubiri risiti, na mwendo wa kwenda na kurudi wa milisekunde 200, hauvuki Mbps 2.6 hata ukiwa na faiba ya Mbps 1,000. Mifumo ya leo hulikuza dirisha hilo, lakini pakiti zikipotea linasinyaa tena. Ndiyo maana faili kutoka bara jingine linajikokota ilhali kipimo kilichotumia seva ya karibu kimetoa namba nzuri.

Kama kwa waya umepata kasi kamili, mtoa huduma hana kosa. Kazi imebaki ndani ya nyumba, na jina lake ni waifai.

Hewa ni ya wote. Kifaa kimoja kikizungumza, vingine kwenye chaneli hiyo vinasubiri zamu, vikiwemo vya jirani. Na ile kasi ya kuunganishwa inayoonyeshwa na simu si kasi utakayoipata. Tarajia nusu yake, ikizidi sana theluthi mbili. Simu ikionyesha Mbps 72, kwa kawaida iko kwenye bendi ya GHz 2.4, mkondo mmoja, chaneli ya MHz 20, na utapata 40 hadi 50 ukiwa umekaa kando ya ruta. Kifaa chenye antena mbili kwenye GHz 5, chaneli ya MHz 80, huonyesha 866 kwa Wi-Fi 5 na 1201 kwa Wi-Fi 6. Tofauti ni kubwa mno, na mara nyingi kinachoizuia ni jina moja la waifai kwa bendi zote mbili: simu inang'ang'ania 2.4 iliyoikuta mlangoni hata ikishafika kando ya ruta. Zipe bendi majina tofauti, angalau katika siku za uchunguzi, ili ujue unapima ipi.

Nguvu ya mawimbi husomwa kwa dBm. Namba ni hasi, na kadiri inavyosogea karibu na sifuri ndivyo bora. -50 ni nzuri sana, -67 inatosha kwa video bila kukwama, -75 ni ya kubahatisha, na ikifika -80 usihangaike na mipangilio, sogeza ruta. Kila pungufu la dB 3 ni nusu ya nguvu iliyopotea. Zege lenye nondo, kioo kikubwa cha ukutani, friji na tangi la maji hula mawimbi kuliko watu wanavyodhani. Ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni, sakafuni, imewekwa mahali pabaya kuliko pote. Ipandishe juu ya kabati, katikati ya nyumba, pasipo chuma karibu.

Kwenye GHz 2.4 tumia chaneli ya 1, 6 au 11 peke yake, kwa upana wa MHz 20. Usichague 3 ukidhani umejitenga: 3 inagongana na 1 na 6 zote mbili. Oveni ya maikrowevu hutumia masafa hayo hayo, na diski au flashi ya USB 3.0 iliyochomekwa karibu na antena hutoa kelele kwenye bendi hiyo. Kirudishi cha waifai kinachopokea na kutuma kwa redio moja hukata kasi kwa takribani nusu. Ukiweza kuvuta kebo hadi kwenye kisambazaji cha pili, vuta. Ni kazi ya siku moja inayomaliza malalamiko ya miaka.

Ukitaka kuipima waifai peke yake, iweke intaneti pembeni. Weka iperf3, programu ya kupima kasi kati ya kompyuta mbili, kwenye kompyuta iliyo kwenye waya na kwenye laptopu ya waifai. Kwenye ile ya waya andika iperf3 -s, kisha kwenye laptopu ya waifai andika iperf3 -c ikifuatiwa na anwani ya kompyuta ile na -R. Namba itakayotoka haimhusu mtoa huduma hata kidogo. Ikiwa 60, hata ukinunua kifurushi cha 500 utabaki na 60 chumbani humo.

Na kama kwa waya, kebo nzima, tundu la 1,000, bado unapata kidogo? Hapo tatizo liko kwenye njia inayoingia nyumbani. Kwa faiba, fungua ukurasa wa modemu utafute nguvu ya mwanga unaopokelewa. Kwenye mtandao wa GPON, yaani faiba moja inayogawanywa kwa nyumba nyingi, kati ya -15 na -25 dBm ni salama. Ikishuka chini ya -27 modemu iko ukingoni, makosa yanaongezeka na kasi inayumba. Sababu ya kawaida ni faiba iliyokunjwa kwa kona kali nyuma ya meza, au kichwa chenye vumbi. Usikifute kwa kidole wala nguo, na usikichungulie kwa jicho, maana mwanga wake hauonekani ila upo. Kichwa cha kijani kimekatwa kwa mshazari, cha bluu hakijakatwa. Ukivioanisha, mwanga mwingi unapotea.

Kwa intaneti ya 4G, angalia namba mbili. RSRP, nguvu ya mawimbi ya mnara, ikiwa -80 ni nzuri, ikiwa -110 ni mbaya. SINR, yaani mawimbi yakilinganishwa na kelele, ndiyo yenye uzito zaidi: juu ya 20 ni safi, chini ya 0 ni kelele tupu. Sogeza ruta dirisha kwa dirisha ukiitazama SINR, usitazame vijiti vya mawimbi.

Kasi inayoshuka jioni na kupanda alfajiri, kwa waya, bila nguvu ya mwanga au ya mawimbi kubadilika, ni msongamano. GPON hubeba takribani Gbps 2.5 za kupakua zinazogawanywa kwa nyumba zote kwenye tawi moja, mara nyingi 32 au 64. Huwezi kulirekebisha hilo kwako. Unachoweza ni kuliandika: tarehe, saa, kupakua, kupakia, ucheleweshaji, asubuhi, mchana na saa tatu usiku, siku saba, laptopu ile ile, kebo ile ile, seva ile ile. Ambatanisha na malalamiko ya maandishi, uchukue namba ya kumbukumbu.

Fundi akija, mwombe apime kwenye tundu la modemu kwa laptopu yake kabla hajagusa kitu, na namba hiyo iandikwe kwenye fomu ya kazi. Akisafisha au kubadilisha kichwa cha faiba, soma tena nguvu ya mwanga akiwa bado ndani. Kama ilikuwa -28 na sasa ni -27, mwambie aendelee kutafuta.