Nilivyojifunza Kukata Maneno ya Kiingereza kwa Kistari

Napanga kurasa katika duka dogo la uchapaji huku Ngamiani, Tanga, na kwa muda mrefu kazi zangu karibu zote zilikuwa za Kiswahili: kadi za harusi, risala na mitihani ya majaribio. Neno la Kiswahili lisipoenea mwishoni mwa mstari halinisumbui, kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia na irabu, na yeyote aliyesoma "ki-ta-bu" na "wa-ge-ni" anajua pa kukata. Mazoea hayo ndiyo yaliyoniponza nilipoletewa kipeperushi cha Kiingereza kuhusu Mapango ya Amboni.

Kipeperushi kilikuwa na safu tatu nyembamba, nami nilikata maneno kwa mkono, nikifuata jicho langu la Kiswahili. Neno "caves" nikaligawa "ca-ves", na "limestone", yaani mawe ya chokaa, nikaligawa "li-mestone". Mteja aliitazama prufu, yaani nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapa, akacheka, kisha akanirudishia bila kuisaini.

Nikaipeleka kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu wa Kiingereza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu litamke hili neno 'caves', halafu unioneshe sauti yake inapogawanyika."

Nililitamka mara tatu na sikupata pa kuonesha. Akanieleza kwamba ile herufi "e" haisikiki, kazi yake ni kubadili sauti ya "a" iliyotangulia, hivyo neno zima ni silabi moja tu, na neno la silabi moja halikatwi hata liwe na herufi nyingi namna gani. Kuhusu "limestone" alinitaka nitafute maneno mawili yaliyomo ndani yake. Nikayaona: "lime" ni chokaa na "stone" ni jiwe, kwa hiyo kistari hukaa katikati yao. Tukaendelea na "underground", chini na ardhi, kisha "subterranean", neno ambalo nilikuwa nimelichapa mara nne bila kujua maana yake. Kiambishi "sub" ni cha Kilatini, chenye maana ya chini, na "terra" ni ardhi. Nakiri kwamba siku ile nilifurahia zaidi kuyaelewa maneno kuliko kuyapanga.

Hata hivyo maana haishindi kila mara. Neno "knowledge" Waingereza wamezoea kuligawa "know-ledge", wakilinda mzizi wa kujua, ilhali kamusi za Marekani huligawa "knowl-edge" kwa kufuata matamshi. Neno "record" likiwa nomino hukatwa baada ya "c", na likiwa kitenzi hukatwa kabla yake, kwa sababu mkazo huhama. Baadaye niliiwekea programu ya kompyuta lugha ya Kiingereza ili ikate yenyewe, nayo ilinipunguzia kazi kweli, lakini programu za namna hii hufuata mpangilio wa herufi tu. Frank Liang, aliyeandika tasnifu juu ya jambo hili katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1983, alitumia vipande vya herufi ambavyo kompyuta hulinganisha na neno, maana haimo. Ndiyo maana "legends", hekaya za mapangoni, ilinitokea "leg-ends". Kamusi inaukubali mkato huo, ila msomaji anaanza na mguu kabla hajafika kwenye hekaya. Nililisukuma neno zima mstari wa chini.

Kilichobaki ni vistari visivyohusiana na mwisho wa mstari. Mwandishi alikuwa ameandika "an eight-kilometre ride", kwa maana mapango yako yapata kilomita 8 kutoka mjini, nami nikataka kuongeza "s" ya wingi. Mwalimu alinizuia: maneno yakishaunganishwa kwa kistari ili kuieleza safari, kipimo hubaki katika umoja. Pia nilikuwa nimekifuta kistari cha "twenty-odd visitors" nikidhani ni alama iliyopotea njia. Mwalimu alivua miwani.

"Kikiwapo, ni wageni ishirini na ushei. Ukikiondoa, mwanangu, umewaita watu ishirini wa ajabu, na nauli wamelipa."

Nikakirudisha, nikachapa prufu ya tatu, na mteja akaisaini palepale kaunta.